Hizo kilo unazoficha unamfichia nani?

Mie kazi yangu ni kuandika takwimu za samaki wanaoshushwa bandarini. Juzi asubuhi niko bandarini Mji wa Kale, Mombasa, na makaratasi yangu, mashua imeingia, jodari wamelazwa pale chini, namuuliza nahodha leo kilo ngapi, ananijibu "andika ishirini tu mwanangu, hawa watoza kodi wa KRA wasije wakatuandama." Na tajiri wake yuko palepale pembeni keshaandika 46 kwenye daftari lake! Mzee wangu, mie nimeisikia hii mpaka masikio yamechoka.

Fomu yangu inauliza chombo gani, mumetumia mshipi au jarife au malema, mulikuwa wangapi, mumekaa baharini masaa mangapi, samaki gani na kilo ngapi. PIN ya KRA, ile namba ya kodi, haimo. Sawa, kuna BMU, vile vikundi vya wavuvi vinavyosimamia bandari, zinakata ushuru kwa kilo na hapo naelewa mtu kuona uchungu, lakini hizo ni shilingi chache na zinabaki hapo hapo bandarini, kagombane na mwenyekiti wako, usiniharibie hesabu mie.

Maana hesabu yenyewe iko hivi. Siwezi kupima kila chombo kila siku, napima vichache afu vile vichache vinasimama badala ya vyote. Tuseme bandari ina vyombo 40 mie nimepima 5, basi kila kilo moja unayoniibia inafuta kilo 8 kwenye hesabu ya bandari nzima. Na yule mtafiti akikaa na hizo namba anaona nini? Watu walewale, masaa yaleyale, samaki wamepungua. Yeye hajui kuna mtu kaogopa KRA, yeye anajua bahari imechoka, na bahari ikichoka dawa ni kufunga eneo ama kukaza masharti ya nyavu. Yani unaficha kilo ili usisumbuliwe, afu ni hizohizo kilo zilizofichwa ndizo zinazoleta usumbufu.

Na jodari ndio balaa zaidi kwa sababu si wetu peke yetu. Kuna tume ya jodari ya Bahari Hindi, ile IOTC, iko Victoria kule Shelisheli, Kenya ni mwanachama tangu 2004. Huko miaka na miaka nchi zinavutana jodari wagawanywe vipi, wenye mameli makubwa wanataka iangaliwe historia, aliyevua sana zamani apewe sana, nchi za pwani zinasema samaki wako kwenye maji yetu bana. Sasa sisi tunaenda kwenye meza hiyo na historia gani, ya ishirini ishirini? Wakubwa nao si malaika, mwaka 2006 Wajapani walibanwa kwa jodari wa kusini waliovuliwa kupita mgao bila kuandikwa, mgao wao ukakatwa kutoka tani 6,065 mpaka 3,000. Wao walificha ili wavue zaidi, wewe unaficha halafu hupati chochote.

Tena kumbukeni Lamu. Mwaka 2018 mahakama kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ile bandari mpya ya meli iliyojengwa kule. Siku mradi ukija kwako swali la kwanza ni ulikuwa unapata kiasi gani, na utajibu nini wakati miaka yote umeniandikisha robo?

Haya, mengine haraka haraka. "Leo nimerudi kapa, hakuna cha kuandika." Kipo, sifuri ni namba, nikiandika siku za neema tu itaonekana kila anayetoka anarudi na samaki. "Andika mchanganyiko." Tafi si changu, changu si tewa, tewa anakua polepole na anaweza kuisha huku tafi wamejaa tele, kwa hiyo nitengee mafungu. "Hicho ni kitoweo, hakihesabiwi." Samaki katoka baharini ama hajatoka? Nahodha kachukua wawili, kila baharia mmoja, mama karanga, yule mkaanga samaki, keshapewa fungu lake kabla sijafika, hapo zishaenda kilo 6 kimyakimya. Na papa aliyekatwa kichwa na kutolewa matumbo niambie kakatwa, usiniwekee kwenye mizani kama mzima.

Ombi langu ni moja, nipimie kabla ya kugawana, dakika kumi tu, barafu haitayeyuka. Na wenye mizani ya ndoano ibadilisheni jamani, kuna moja naijua haina kitu na inasoma kilo 2.