Kelele inatoka mbele, wewe unachomelea nyuma

Kuna mlio mmoja nikiusikia asubuhi gari inapanda kilima cha kuingia hapa Chake Chake, Pemba, basi naacha chai yangu nasikiliza, tek tek tek tek, ukikanyaga mafuta unazidi, ikifika juu na injini ishapata moto unapungua. Kila mtu atakwambia hiyo tapeti, yaani vile vikombe vinavyosukuma valvu. Mara nyingi si tapeti jamani, ni ekzosi (bomba la moshi) inavuja kwenye manifoldi, kile chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda za injini.

Wiki mbili nyuma alinijia maalim mmoja wa skuli kutoka Wete na Carina Ti yake ya 1998, ile ya injini 5A. Alikuwa keshapita kwa fundi mwengine, simtaji, akafunguliwa kava ya juu, tapeti zikapimwa, shimu (visahani vya kurekebisha nafasi ya tapeti) zikabadilishwa, akalipa na akaondoka na mlio wake ule ule. Aliporudi kulalamika ikachomelewa sailensa ya nyuma viraka viwili, eti kelele inatoka huko. Nikamuuliza, maalim, mlio unakuwa mkubwa lini? Akasema asubuhi ikiwa baridi, na nikipanda vilima, lakini nikishafika skuli unanyamaza nusu. Nikamwambia basi iache gari hapa mpaka kesho.

Chuma kikipata moto kinatanuka, ufa unajibana, kwa hiyo uvujaji wa manifoldi mara nyingi unapiga kelele injini ikiwa baridi halafu unatulia. Na kilima kinaongeza nguvu ya moshi kutoka, ndio mlio unazidi, wakati tapeti haina habari na kilima. Wengine wanajaribu kutofautisha kwa mdundo, huwezi. Valvu ya kutolea moshi inafunguka mara moja kila krenki (mhimili wa injini) ikizunguka mara mbili, na silinda inatoa moshi wake hapo hapo, zote zinagonga kwa hesabu moja, hata uwe na sikio la mpiga zumari.

Mie ninachofanya nachomoa soketi ya injekta, kile kinachopulizia petroli silinda, moja moja injini ikiwa inaunguruma taratibu. Silinda ikikosa petroli haiwaki, inasukuma hewa tupu isiyo na nguvu, kwa hiyo kama uvujaji uko kwenye tundu lake mlio unalegea pale pale. Tapeti itaendelea kugonga kama hujafanya kitu. Wapo wanaochomoa waya wa plagi badala ya injekta, sikushauri, kwanza utapigwa shoti ukumbuke mama yako na pili petroli mbichi inakwenda kuunguza kataliti, kile kisafisha moshi kwenye bomba. Kwa gari ya maalim nilipofika silinda namba 3 mlio ulianguka.

Sasa kuona penyewe. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa nikafungua lile bati la kukinga joto (bolti zake zimeoza, moja ikakatika, ndio kawaida ya gari za huku) nikatazama kwa tochi. Moshi ukivuja unaacha masizi meusi, kama mstari wa wanja hivi. Kama masizi hayaonekani nawasha kijiti cha udi, usinicheke, nakipitisha taratibu kwenye maungio yote injini imewashwa muda huo huo, moshi wa udi ukifika penye tundu unarushwa pembeni. Lakini kabla hujawasha kitu chochote chenye moto nusa kwanza, ukisikia harufu ya petroli mbichi achana na udi, chukua ukanda wa karatasi laini ufanye kazi hiyo hiyo.

Uvujaji wa nyuma ni rahisi zaidi. Shika kitambaa kinene kilichorowa maji, ziba mdomo wa bomba sekunde chache tu, usisimame nyuma yake. Mfumo mzima ukiwa mzima injini inalemewa na kitambaa kinakusukuma mkono. Kukiwa na tundu utasikia ssssss mahala, fuata huko. Ila kumbuka bomba ni kama ngoma, sauti inatembea ndani yake inatokea kwengine, ndio maana maalim alichomelewa viraka pahala pasipo na kosa.

Na hapa niseme hili kwa sababu linaniudhi. Sailensa nyingi zina kitundu kidogo upande wa chini, cha kutolea maji. Hakijaoza, kimetobolewa kiwandani. Petroli ikiungua inatoa maji, lita moja ya petroli inakaribia kutoa lita moja ya maji, na gari inayokwenda safari fupi fupi, nyumbani sokoni, sokoni nyumbani, bomba halipati moto wa kuyakausha, yanakaa ndani yanakula bati. Sasa fundi anakiona kitundu kinadondosha anakichomelea, mteja anafurahi, baada ya muda sailensa imeoza kutoka ndani. Chumvi ya bahari yetu inakula kwa nje, maji yanakula kwa ndani, bati litabaki wapi?

Tukirudi kwa maalim, alikuwa na ufa kwenye manifoldi na gasketi (kizibio cha kati ya manifoldi na injini) imeungua pembeni yake. Alilalamika pia kuwa gari inakunywa mafuta, na kweli. Moshi unatoka kwa mapigo, kati ya pigo na pigo ufa unavuta hewa ya nje, ile hewa inafika kwenye sensa ya oksijeni, kompyuta inadhani petroli ni chache inaongeza. Tundu la huku mbele ya sensa linakula pesa, tundu la nyuma kabisa linakula usingizi wa majirani tu.

Nati nilizimwagia mafuta ya kulegeza kutu jana yake jioni, na bado studi moja (bolti isiyo na kichwa) ikakatika, nikachomelea nati juu ya kisiki, ikiwa bado ya moto nikaizungusha taratibu ikatoka. Manifoldi ni chuma cha kusubu, ukiichomelea kwa vijiti vya kawaida halafu ukaimwagia maji ipoe haraka itapasuka pembeni ya pale pale. Inataka vijiti vya nikeli, uipashe moto kwanza, ukimaliza uifukie kwenye mchanga mkavu ipoe usiku kucha. Asubuhi nikalaza rula ya chuma kwenye uso wake, ilikuwa imepinda, nikaipeleka ikasawazishwe kwa mashine. Ukifunga iliyopinda gasketi mpya itaungua tena.

Gasketi ilibidi tuisubiri kutoka Unguja, ikaja na boti mpaka Mkoani. Maalim akataka tupake silikoni asiendelee kupanda daladala, nikamkatalia. Silikoni ya kawaida haihimili joto la manifoldi na mvuke wake unaharibu ile sensa. Kufunga naanzia nati za kati natoka nje, kwa awamu, si kukaza moja mpaka mwisho. Nikatazama na raba za kuning'inizia bomba, mbili zimekatika, bomba zima lilikuwa linaning'inia kwenye manifoldi na kila tuta linaivuta. Ningeacha zile raba ufa ungerudi.

Na msichukulie hili ni suala la kelele tu. Ndani ya ule moshi kuna kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inashika damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Ukivuja mbele unaingia ndani kwa matundu ya feni. Ukivuja nyuma, na wewe umefunga mikungu ya ndizi buti liko wazi, unavutwa ndani kule waliko watoto. Ukiona safarini watu wanaumwa kichwa na wanasinzia bila sababu, simamisha gari, toeni watu nje.

Nilimwambia maalim arudi baada ya wiki nikaze tena nati, gasketi mpya hukaa ikishapata moto na kupoa mara kadhaa. Akaja kweli, lakini kaja moja kwa moja kutoka Wete injini inawaka moto, ikabidi akae kwenye benchi anakunywa kahawa mpaka adhuhuri injini ipoe. Nati mbili zikakubali robo mzunguko.