Chai ya Boba ya Nyumbani: Maswali na Majibu Kuhusu Muhogo, Sukari na Watoto

Likizo hii wazazi wengi wameniuliza jambo moja. Watoto wameona kwenye simu chai ya maziwa yenye vidonge vyeusi chini ya glasi, wanataka ipikwe nyumbani, na mzazi hajui aitikie au akatae. Ninafundisha lishe, na chai hii nimeipika jikoni kwangu mara nyingi. Inapikika, ila ina mambo mawili matatu ambayo ukiyakosea yanaumiza.

Swali: Hivyo vidonge ni nini? Jirani yangu anasema ni plastiki.

Ni muhogo. Chai yenyewe ilianzia Taiwan miaka ya 1980. Nyumba mbili za chai, Chun Shui Tang ya Taichung na Hanlin ya Tainan, zilivutana mahakamani miaka kumi, kila moja ikidai ndiyo iliyoanza, hadi mwaka 2019 mahakama iliposema kinywaji hiki hakina hakimiliki na hakuna haja ya kuamua. Vidonge vyake, ambavyo Wataiwani huviita lulu, hufinyangwa kwa wanga wa muhogo na sukari. Ni wanga uleule ambao mama zetu walitia kwenye kanzu na sare za shule kabla ya kupiga pasi.

Hofu ya jirani yako ina chanzo, lakini. Mwaka 2013, hukohuko Taiwan, wakaguzi walikuta wanga uliotiwa asidi ya maleiki, kemikali ya viwandani, ili vidonge vivutike zaidi mdomoni, na bidhaa nyingi zikaondolewa madukani. Ndiyo maana napenda vya kufinyanga mwenyewe: unajua ulichotia.

Swali: Ndani nina unga wa muhogo wa ugali. Si ndio huohuo?

Sio, na hapa naomba unisome polepole. Unga wa makopa ni muhogo mzima uliosagwa, una nyuzinyuzi, na vidonge vyake vitapasukia sufuriani. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba muhogo mchungu una kemikali inayogeuka kuwa sayanidi, na usipolowekwa na kukaushwa vizuri sumu hiyo inabaki kwenye unga. Mwaka 1985, wakati wa ukame, huko Tarime mkoani Mara, watu wazima na watoto walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Walikuwa wakiishi kwa muhogo mchungu ulioandaliwa harakaharaka, bila kitoweo cha kutosha cha protini. Konzo haina tiba. Miguu iliyokakamaa hairudi. Glasi moja ya chai haitakuletea konzo, lakini unga usioujua asili yake usiufanyie majaribio kwa mtoto.

Unachotaka ni wanga mtupu: mweupe kabisa, laini, na ukiubinya kati ya vidole unatoa kimlio. Ukiukosa dukani, utengeneze. Chukua muhogo mtamu, ule unaochemshwa ukaliwa na chai asubuhi. Menya ganda la nje pamoja na lile nene la ndani, maana sumu hujaa zaidi kwenye maganda. Ukwaruze, utie maji mengi, kisha ukamue kwa kitambaa safi kama unavyochuja tui. Acha bakuli litulie saa tatu. Wanga utatuama chini, umeshikana kama chokaa, na juu yatabaki maji ya rangi ya chai hafifu. Maji hayo yamwage, usimpe hata mbuzi. Tia maji mapya, koroga, acha utuame tena, mwaga. Sumu huyeyuka majini, kwa hiyo kila unapomwaga unaiondoa. Kisha anika juani hadi ukauke kabisa. Kilo moja ya muhogo hunipa gramu 150 hivi.

Swali: Nikishapata wanga, napikaje?

Kwa glasi nne, pima gramu 100 za wanga, gramu 40 za sukari guru na mililita 60 za maji. Chemsha maji na sukari hadi yatokote kwelikweli, epua, tia theluthi ya wanga, koroga upesi hadi iwe kama gundi, kisha tia uliobaki na ukande ungali wa moto. Siri iko kwenye huo mtokoto. Maji yakiwa ya uvuguvugu tu, ukiubana unga unakuwa mgumu, ukiuachia unakutiririka mkononi, na hapo hakuna kidonge kitakachofinyangika. Viringisha kamba nyembamba, kata, fanya vidonge vya ukubwa wa punje ya njegere, vitavimba. Chemsha kwenye maji mengi dakika 20, zima moto, funika dakika 20 nyingine. Tafuna kimoja: ukiona kiini cheupe, rudisha motoni. Vikiiva, suuza kwa maji ya kunywa yaliyopoa.

Chai ipike ya rangi, nzito, ndipo utie maziwa. Maziwa mabichi yachemke kabisa, kwa sababu brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hupita humo. Na barafu igandishe kwa maji uliyoyachemsha. Watu wengi huchemsha kila kitu kwa uangalifu, halafu wanatumbukiza barafu ya maji ya bomba, wakati vijidudu vya homa ya matumbo na kipindupindu havifi kwa kugandishwa.

Swali: Sina muda wa kufinyanga.

Tumia sago, zile punje ndogo nyeupe zinazopikiwa uji. Nyingi zinazotoka India zimetengenezwa kwa wanga wa muhogo. Loweka, chemsha hadi zing'ae, basi.

Swali: Vikibaki niviweke kwenye friji?

Vitakaza kama mpira. Pika vya kutosha siku hiyo, vinywewe ndani ya saa nne.

Swali: Dokta, sukari yake ni nyingi kweli au mnatutisha?

Mimi si daktari, dada, ila hesabu tuifanye pamoja. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, yaani gramu 50 kwa mtu mzima, na ni bora zaidi ikiwa chini ya gramu 25. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulikadiria gramu 38 katika glasi ya nusu lita hivi ya chai ya boba. Hivyo ni vijiko vya chai tisa, zaidi ya chupa ndogo ya soda. Kwa vipimo nilivyokupa, sukari ya vidonge haizidi gramu 10 kwa glasi. Ongeza kijiko kimoja cha asali ukitaka, na chai iache bila sukari. Kinachoharibu hesabu ni maziwa mazito ya kopo: vijiko viwili vikubwa vina zaidi ya gramu 20 za sukari. Tumia maziwa ya kawaida.

Mwenye kisukari asihesabu sukari peke yake. Vidonge vya glasi moja vina gramu 25 za wanga, karibu sawa na kipande kidogo cha ugali, na wanga huu hauna nyuzinyuzi za kuupunguza kasi. Akinywa, apunguze chakula cha mlo ule, apime damu baada ya saa mbili aone.

Swali: Na mjamzito?

Anaweza, lakini asinywe pamoja na chakula. Chai hubana madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani, na mama mwenye upungufu wa damu anayahitaji. Asubiri walau saa moja baada ya kula.

Swali: Mwanangu ana miaka mitatu, anamlilia dada yake ampe.

Asipewe vidonge. Mpe chai nyepesi ya maziwa kwenye kikombe, bila mrija. Mwaka 2012 taasisi ya Ujerumani inayotathmini hatari za vyakula ilionya kwamba vidonge hivi vinaweza kuingia kwenye njia ya hewa ya watoto wadogo. Mtoto akifyonza kwa mrija mnene, kidonge kinarushwa moja kwa moja kooni kabla hajatafuna, na kwa kuwa kinateleza, hawezi kukizuia kwa ulimi. Hata wakubwa waambie wakae chini, wasicheke wala kukimbia wakinywa. Mimi huwapa watoto kijiko kirefu badala ya mrija.

Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja akipaliwa, kama anakohoa kwa nguvu mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe mbele, mpige kwa kisigino cha kiganja mara tano katikati ya mabega. Kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ivute ndani na juu mara tano. Rudia kwa zamu hadi kitoke, na mtu mwingine awe anaita msaada. Usiingize kidole kooni ukitafuta kidonge usichokiona. Utakisukuma ndani zaidi. Na kikishatoka, mpeleke hospitali hata kama anacheza, kwa sababu ile misukumo ya tumboni inaweza kuwa imemuumiza ndani.