Je, wajua kwa nini wimbo wa kuchezea ukiimbwa taratibu huweza kukutoa machozi?

Wimbo unaujua vizuri. Umeucheza kwenye sherehe, umeuimba ukiwa bafuni, na kiitikio chake kinakutoka mdomoni kabla hata hujafikiri. Siku moja unausikia umerudiwa na mwimbaji mwingine, taratibu, kwa piano peke yake au gitaa moja tu, na ghafla koo linakukaba. Wengi wanaokutwa na hali hiyo husema neno lile lile: kumbe wimbo huu una huzuni hivi! Wapo pia wanaochukia kabisa na kulalamika kwamba wimbo wao umeharibiwa. Maneno ni yale yale. Sasa machozi yametoka wapi?

Mara nyingi aliyeurudia hakuongeza huzuni yoyote. Ilikuwemo tangu mwanzo, ila mdundo uliifunika. Chukua "Hey Ya!" ya mwaka 2003 ya OutKast, kundi la hip hop la Marekani, wimbo uliokaa namba moja kwa wiki 9 kwenye chati kuu ya Marekani. Ukipigwa, ni vigumu kutulia kitini. Lakini sikiliza anachoimba André 3000 wa kundi hilo: watu wawili wanaendelea kukaa pamoja ilhali wanajua hawana furaha, naye anahoji kama hakuna kinachodumu milele, mapenzi yatadumu kwa lipi. Katikati ya wimbo anatamka waziwazi kwamba wasikilizaji hawataki kumsikia, wanataka kucheza tu. Na kweli wakacheza. Kundi la Obadiah Parker lilipouimba miaka michache baadaye kwa gitaa na kwa mwendo wa pole, watu walishtuka kukuta ndani yake mtu mwenye hofu na upweke, ambaye walikuwa wakimchezea bila kumsikia miaka yote ile.

Mdundo wa haraka huupa mwili kazi. Mguu unagonga sakafu, kichwa kinatikisika, na maneno yanageuka kuwa sehemu ya ngoma. Unayaimba kwa sauti zake bila kuyapima maana. Hesabu ndogo itaonyesha kinachotokea ukiupunguza. Kwa mapigo 120 kwa dakika, mstari wa mapigo 8 unapita kwa sekunde 4. Ukishuka hadi mapigo 60, mstari huo huo unachukua sekunde 8. Katika sekunde 4 zilizoongezeka kuna mengi: pumzi inayovutwa kabla ya neno, neno la mwisho linalobaki hewani, kimya kidogo kabla ya mstari unaofuata. "Peke yangu", ambalo lilikuwa likipita mbio katikati ya ngoma, sasa linasimama mbele yako. Na kipaza sauti kikiwekwa karibu na mdomo unasikia midomo ikiachana, unasikia sauti ikitetemeka mwisho wa noti, kama mtu anayekuhadithia jambo wewe tu.

Hapo sikio linatambua kitu linachokijua tangu utotoni. Mwaka 2003 watafiti Patrik Juslin na Petri Laukka walipitia tafiti 104 kuhusu sauti za watu wanaoongea kwa hisia, na nyingine 41 kuhusu upigaji wa muziki. Walikuta dalili zinafanana. Mwenye huzuni huongea polepole, kwa sauti ndogo na ya chini, isiyopanda wala kushuka sana. Mwanamuziki naye hupiga hivyo hivyo anapotaka kuonyesha huzuni. Kwa maneno mengine, wimbo uliopunguzwa mwendo unafanana na mtu aliyefiwa anavyozungumza, na sisi tunamtambua hata kabla ya kuelewa analosema. Tangu miaka ya 1930 mwanasaikolojia Kate Hevner alikuwa akiwasikilizisha watu muziki ule ule huku akibadilisha jambo moja tu kila mara, na akaona kwamba mwendo, pamoja na tofauti ya skeli (mpangilio wa noti) ya meja, inayosikika changamfu, na ya maina, inayosikika ya huzuni, hubeba uzito mkubwa katika kuamua kama msikilizaji atauita muziki wa furaha au wa majonzi.

Mfano ulio wazi kuliko yote, kwangu mimi, ni "Mad World". Kundi la Tears for Fears liliutoa mwaka 1982 kwa vinanda vya umeme na ngoma za mashine, ukafika namba 3 Uingereza. Michael Andrews na Gary Jules wakaurudia kwa ajili ya filamu ya Donnie Darko ya mwaka 2001: piano, sauti iliyochoka, hakuna ngoma. Mwishoni mwa 2003 ukawa namba moja Uingereza wakati wa Krismasi. Mstari unaosema kwamba ndoto za kufa ndizo bora kuliko zote alizowahi kuota msimulizi ulikuwepo tangu 1982, na watu waliucheza. Kwenye piano ya Andrews hauna pa kujificha.

Lakini upole peke yake hautoshi kueleza machozi. Kungekuwa hakuna siri nyingine, wimbo wowote mpya wa huzuni ungefanya kazi hiyo hiyo. Wimbo uliorudiwa una kitu cha ziada: unasikiliza nyimbo mbili kwa pamoja, ule unaopigwa na ule ulio kichwani mwako. Utafiti uliofanyika Montreal na kuchapishwa mwaka 2011, ukiongozwa na Valorie Salimpoor, ulionyesha kwamba ubongo hutoa dopamini, kemikali inayohusiana na raha, mtu anapofikia kipande anachokipenda cha muziki, na hata sekunde chache kabla, wakati bado anakisubiri. Sasa fikiria wimbo unaoujua hadi pale ngoma zinapoingia. Unapafikia, mwili umeshajiandaa, na ngoma haziji. Kuna sauti tu, na nafasi tupu mahali palipokuwa na shangwe. Naamini maumivu matamu ya nyimbo hizi yanatoka hasa kwenye nafasi hiyo.

Pamoja na hayo kuna kumbukumbu. Wimbo maarufu una umri, na umri huo ni wako pia: nani ulikuwa naye ulipoupenda, nani hayupo tena. Liila Taruffi na Stefan Koelsch walipowahoji watu 772 mwaka 2014 kuhusu muziki wa huzuni, hisia iliyotajwa mara nyingi zaidi haikuwa huzuni yenyewe. Ilikuwa shauku ya mambo yaliyopita. Ndiyo maana wapo wanaolia kwa wimbo ambao hata lugha yake hawaielewi vizuri.

Sauti ya nani inaimba nayo ina uzito wake. "Hurt" ya kundi la roki la Nine Inch Nails ilikuwa ya huzuni tangu 1994, kwa hiyo haikuwa na furaha yoyote ambayo mwimbaji wa kantri Johnny Cash angeiondoa alipoirekodi. Alileta sauti ya mzee wa miaka 70 aliyekuwa mgonjwa, na majuto yaliyoandikwa na kijana Trent Reznor, kiongozi wa kundi hilo, yakawa ya mtu anayetazama nyuma maisha mazima. Kwenye video anaonekana mkewe, June Carter, akimtazama. June alifariki Mei 2003, Cash akamfuata Septemba. Reznor, ambaye mwanzoni alikuwa na wasiwasi, alikiri baada ya kuiona video kwamba wimbo umeshakuwa wa Cash.

Kwa nini tunarudi kuusikiliza wimbo unaotuumiza? Kumewahi kutolewa wazo kwamba muziki wa huzuni huamsha homoni ya prolaktini inayotuliza, lakini majaribio ya baadaye hayakuliunga mkono. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba tunafurahia kuguswa moyo, na wenye huruma nyingi huguswa zaidi. Ni msiba usio na maiti: unalia, na hakuna uliyempoteza leo.

Na wale wanaokasirika? Mara nyingine wako sahihi. Mwimbaji wa Uswidi, Robyn, alitoa "Dancing On My Own" mwaka 2010, hadithi ya mtu aliye ukumbini akimwona anayempenda akiwa na mwingine, huku yeye akicheza peke yake. Mwimbaji Mwingereza Calum Scott aliuimba taratibu, akautoa mwaka 2016 na ukafika namba 2 Uingereza, juu kuliko ulipofika ule wa Robyn. Maelfu waliguswa. Wapenzi wa Robyn wakajibu kwamba mdundo ulikuwa sehemu ya hadithi: anacheza huku moyo unavunjika, ukimkalisha chini umefuta nusu ya maumivu yake. Mimi niko upande wao, ingawa sioni kosa kwa aliyelia na Scott. Yeye alihitaji utulivu ili asikie. Ninachokipinga ni desturi ya matangazo ya filamu, ambako karibu wimbo wowote unashushwa mwendo na kupewa piano yenye mwangwi, hata kama maneno yake hayana jeraha lolote. Huo unabaki wimbo uliocheleweshwa, na msikilizaji analijua hilo kabla ya kiitikio cha pili.

Kuna jambo moja linalothibitisha nguvu ya kilichotangulia kichwani. Aliyekutana na "Mad World" kwanza kupitia filamu, kisha akaipata ile ya 1982, mara nyingi hushangaa kinyume kabisa: anaona ya asili ndiyo yenye haraka ya ajabu, kana kwamba kuna mtu ameuchukua wimbo wa majonzi akautia ngoma.