Kuongeza ukali wa picha za setilaiti ni nini?

Picha ya setilaiti imeundwa kwa vipande vya mraba viitwavyo pikseli. Kila pikseli hubeba rangi moja tu, ambayo ni wastani wa vyote vilivyomo ndani yake. Landsat 8 ya Marekani, iliyorushwa mwaka 2013, ina pikseli za rangi zenye upande wa mita 30. Ekari moja ya tumbaku kule Urambo ni kama mita za mraba 4,047, kwa hiyo inaenea kwenye pikseli nne na nusu hivi. Bani la kukaushia tumbaku, mwembe na njia ya baiskeli vyote humezwa humo. Sentinel-2 za Ulaya, zenye pikseli za mita 10, huipa ekari hiyohiyo pikseli kama 40, na hapo mpaka kati ya shamba na miombo huanza kujitokeza.

Kuongeza ukali ni kuifanya picha ioneshe vitu vidogo kuliko ilivyoweza mwanzoni. Kuivuta kwa vidole kwenye simu hakutoshi, maana simu inakuza pikseli zilezile na kulainisha kingo zake.

Njia iliyozoeleka ni kuunganisha picha mbili. Landsat 8 hupiga pia picha isiyo na rangi, yenye pikseli za mita 15. Kwa kuwa kihisi chake hupokea mwanga wa mawimbi mapana zaidi, eneo dogo linatosha kukipa mwanga wa kutosha. Kompyuta huchukua umbo kutoka picha hiyo na rangi kutoka ile ya mita 30. Matokeo ni mazuri kwa kuchora barabara na mito, ila rangi hubadilika kidogo. Anayepima ukijani wa misitu ya Sikonge ni heri atumie data asilia.

Njia nyingine hukusanya picha kadhaa za eneo moja zilizopishana kidogo, chini ya pikseli moja, kisha huzisoma kwa pamoja. Hapa taarifa mpya ipo kweli, mradi ardhi haijabadilika katikati.

Ya tatu ndiyo inayohitaji macho zaidi: akili mnemba. Programu hufunzwa kwa jozi za picha hafifu na kali, kisha hukisia vitu vidogo visivyoonekana. Ikiwa imefunzwa kwa mashamba makubwa ya Ulaya yenye kingo zilizonyooka, inaweza kuyanyoosha hata mashamba yetu yanayozunguka vichuguu. Picha itapendeza, lakini mstari ule haukupigwa na setilaiti. Kwenye mgogoro wa mpaka wa ardhi haifai kuwa ushahidi.

Vivyo hivyo kwenye ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovosi, iliyoingizwa mwaka 2000 katika Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, ambako ukingo wa mafunjo na maji huhama kwa msimu. Ukiona kijito kipya kwenye picha iliyokolezwa na programu, fungua ile asilia ya siku hiyo, kisha ya siku tano baadaye, Sentinel-2 inapopita tena.