Je, wajua kwa nini Luteni Jenerali anamzidi cheo Meja Jenerali?

Luteni akikutana na meja, luteni ndiye anayepiga saluti. Kati yao yupo pia kapteni. Lakini ukipanda hadi kwa majenerali mambo yanageuka: Luteni Jenerali yuko juu, Meja Jenerali yuko chini yake. Ndivyo ilivyo JWTZ, yaani jeshi la Tanzania, na ndivyo ilivyo Kenya.

Chanzo chake ni Ulaya ya zamani, ambako kila ngazi ya jeshi ilikuwa na watu watatu: mkuu, naibu wake, na msimamizi wa kuwapanga askari. Katika kombania walikuwa kapteni, luteni na sajenti. Katika rejimenti, kanali, luteni kanali na sajenti meja. Jeshi zima likawa na jenerali, luteni jenerali na sajenti meja jenerali. Kwa hiyo "luteni" maana yake ni naibu tu, na ukubwa wake unategemea yeye ni naibu wa nani.

Bunge la Uingereza lilipounda jeshi jipya mwaka 1645 kupigana na Mfalme Charles I, utatu huo ulionekana waziwazi. Thomas Fairfax alikuwa jenerali, Oliver Cromwell akawa luteni jenerali akiongoza wapanda farasi, na Philip Skippon alikuwa sajenti meja jenerali wa askari wa miguu. Baadaye neno "sajenti" likadondoka kwenye vyeo vya maofisa, wakabaki meja na meja jenerali. Sajenti meja wa leo, yule anayesikika akiunguruma gwarideni, ni cheo kingine kabisa.

Utaratibu huu una sababu nzito. Vitani mkuu anaweza kuanguka dakika yoyote, na hapo hakuna nafasi ya kikao. Askari lazima awe anajua tangu asubuhi ni sauti ya nani ataifuata.

Vyeo hivi vilifika kwetu kupitia jeshi la kikoloni la Waingereza, KAR (King's African Rifles), na JWTZ iliyoundwa Septemba 1964 ikaviendeleza. Mkuu wa Majeshi ni Jenerali, na Mnadhimu Mkuu anayemfuata ni Luteni Jenerali. Mahali tulipoachana na Waingereza ni kwa kamanda wa brigedi: wao waliliondoa neno "jenerali" kwenye cheo chake katika miaka ya 1920, na Kenya inamwita Brigedia, ilhali Tanzania anaitwa Brigedia Jenerali.