Je, Wajua? Danai Gurira Aliandika Tamthilia Kabla ya Kuwa Okoye

Msichana anayejiunga na kikundi cha maigizo Mombasa huenda akaambiwa mapema: cheza kwanza, ujulikane, mambo ya kuandika utayaona mbele. Ushauri huo unatokana na jinsi tunavyowafahamu waigizaji wakubwa. Tunamwona mtu kwenye filamu, baadaye tunasikia kuwa ana tamthilia yake, tunaamini umaarufu ndio uliompa kalamu.

Kwa Danai Gurira, mambo yalikwenda kinyume kabisa. Wengi wetu tulimjua akiwa Okoye, jemadari wa kike katika Black Panther ya 2018. Wengine walimwona mapema zaidi akiwa Michonne kwenye mfululizo wa televisheni The Walking Dead, kazi aliyoianza 2012. Lakini mwaka 2005 alikuwa tayari jukwaani New York na In the Continuum, tamthilia aliyoiandika pamoja na Nikkole Salter, mwenzake katika masomo ya uigizaji. Eclipsed ikaonyeshwa Washington 2009. The Convert ikafuata, na ilishaonyeshwa kabla watazamaji wa televisheni hawajamwona Gurira akishika upanga wa Michonne. Mtu aliyezaliwa Marekani na kukulia Harare alikuwa ameshakamilisha kazi tatu za kuheshimika wakati ambapo watazamaji wengi walikuwa bado hawamjui.

Umaarufu ulisaidia baadaye, na hata hapo haukuwa wake peke yake. Lupita Nyong'o alikuwa mwigizaji wa akiba wa Eclipsed huko Yale, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2009, akiwa mwanafunzi. Alipokwisha kushinda Oscar, aliirudia tamthilia ileile, nayo ikafika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, 2016. Mwandishi, mwelekezi na waigizaji wote watano walikuwa wanawake weusi, jambo ambalo Broadway haikuwa imeliona.

Sasa, kwa nini uigizaji uzae mwandishi? Mfikirie fundi wa jahazi aliyewahi kuwa baharia. Fundi ambaye hajasafiri anaweza kuunda chombo cha kupendeza, mbao zimepangika na kalafati imeshika. Aliyesafiri anajua zaidi ya hapo. Anajua nahodha huweka wapi mguu usukani unapokuwa mzito, maji hujaa ngamani upande gani kusi likivuma, na kamba ipi itamchubua mtu mkono ikifungwa vibaya. Anapochonga ubao, anamkumbuka mtu atakayeukalia. Mwigizaji anayeandika hufanya hivyohivyo. Ameshawahi kusimama mbele ya watu na sentensi ndefu isiyotosha pumzi moja. Ameshapewa mhusika asiyetaka chochote, akahangaika kumtafutia sababu ya kuingia jukwaani. Kwa hiyo anapoandika, kila anayefungua kinywa anakuwa na haja yake, na maneno yanakaa vizuri mdomoni.

Tazama Eclipsed. Inahusu wanawake walioshikwa na kamanda wa waasi wakati wa vita vya Liberia, na kamanda huyo haonekani jukwaani hata mara moja. Akija, wanawake wanajipanga mstari, wanatazama upande mmoja, mmoja wao anachaguliwa. Hofu yote inabebwa na miili yao. Mwandishi ambaye hajawahi kuigiza angeshawishika kumpa kamanda hotuba. Gurira aliwaamini waigizaji, na mimi naona hapo ndipo ufundi wake ulipo.

Haina maana kwamba kila mwigizaji mzuri ataandika vizuri. Jukwaa lilimfundisha Gurira namna ya kumjenga mhusika, lakini halikumfundisha Liberia. Alisafiri huko 2007 akakaa na wanawake waliopitia vita hivyo, akawasikiliza. Na mfano wa mtu mmoja hautoshi kuwa kanuni, ingawa hata Shakespeare na Molière walikuwa waigizaji.

Kwa vikundi vya Mombasa vinavyozunguka shuleni kuigiza vitabu vya fasihi, In the Continuum ndiyo ya kutazamwa kwa makini. Inasimulia maisha ya wanawake wawili wasiojuana, mmoja Harare na mmoja Los Angeles, wote wakigundua wana virusi vya UKIMWI. Wahusika ni wengi, waigizaji ni wawili tu, na waandishi wenyewe ndio waliokuwa hao wawili. Haidai mapambo makubwa ya jukwaa. Sauti inabadilika, mwili unabadilika, na mtazamaji anamwona mtu mwingine palepale.