Mafumbo ya Picha na Ubongo wa Mzee
Wazee ninaowahudumia hapa Lamu, wengi wao wakipona kiharusi, huniuliza iwapo mafumbo ya picha huzuia usahaulifu. Huwajibu kwamba yanaunoa ubongo, ila yanachonoa zaidi ni ule uwezo hasa unaotumika katika fumbo lenyewe.

Chukua picha ya mlango wa nakshi wa Mji wa Kale, iliyokatwa vipande ili iunganishwe upya. Mzee anaposhika kipande chenye nusu ya ua, habari kutoka machoni hufika kisogoni, ambako ubongo hutambua mistari na rangi. Sehemu iliyo chini ya utosi hupima mahali na mwelekeo, huku ile iliyo nyuma ya paji la uso ikishikilia sura ya ua zima. Kipande kikiwa kimepinduliwa, kazi huwa nzito zaidi, kwa kuwa ubongo hulazimika kukizungusha kabla mkono haujakigeuza. Mwaka 1971 wanasaikolojia Roger Shepard na Jacqueline Metzler walionyesha kwamba kadiri umbo lilivyozungushwa mbali zaidi na mwenzake, ndivyo watu walivyochelewa kutambua kuwa yanafanana. Kwa hiyo mimi huvichanganya vipande juu chini, na huwaomba jamaa wa mgonjwa wasimnyooshee hata kimoja, ijapokuwa najua wanafanya hivyo kwa huruma.

Baadhi ya waliopata kiharusi upande wa kulia wa ubongo hukamilisha nusu ya kulia ya mlango na kuridhika, vipande vya kushoto vikiwa bado mezani, kana kwamba upande huo haupo. Hapo mimi hubandika utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa meza na kumtaka mgonjwa autafute kwanza kila anapoanza.

Utafiti mmoja wa Marekani uliohusisha wazee zaidi ya 2,800, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2002, ulionyesha kwamba waliofunzwa kukumbuka waliimarika katika kukumbuka, na waliofunzwa kutambua vitu upesi wakaimarika katika wepesi huo. Ndiyo maana fumbo lililokwisha kuzoeleka ni burudani nzuri, lakini si zoezi tena, libadilishwe.

Mgonjwa wa presha naye asidhani kwamba fumbo litashika nafasi ya dawa zake. Na mzee anayeshindwa kabisa kulinganisha vipande apimwe macho kwanza, maana huenda ana mtoto wa jicho, tatizo ambalo huondolewa kwa upasuaji.